Vilcabamba

Vilcabamba ni mji mdogo wa bondeni katika mkoa wa Loja, kusini mwa Ekuador, kiasi cha mita 1,500 juu ya usawa wa bahari. Usichanganywe na Vilcabamba ya Peru, ngome ya mwisho ya Wainka iliyoanguka mwaka 1572. Huu unajulikana kwa wazee wake waliokula chumvi nyingi.

Mgeni hupanda basi kwenye stendi ya jiji la Loja, kilomita 40 hivi kaskazini. Bondeni hukuta mashamba ya miwa, kahawa na mihogo, na juu yake mlima Mandango wenye kilele cha mwamba. Karibu na kilele njia hubaki ukingo mwembamba wenye bonde huku na huku. Mvua ikinyesha, afadhali kuahirisha. Malipo ni kwa dola ya Marekani, fedha ya Ekuador tangu mwaka 2000.

Sifa ya mji ilienea mwaka 1973, daktari Alexander Leaf wa Harvard alipoandika kuuhusu katika jarida la National Geographic. Sensa ya 1971 ilikuwa imehesabu wakazi 819, na 9 kati yao walisemekana kupita miaka 100. Leaf aliporudi, alimkuta mzee mmoja ameongeza umri kupita miaka iliyokwenda, akaingiwa na shaka. Ndipo watafiti Richard Mazess na Sylvia Forman walipopekua kumbukumbu za ubatizo, ndoa na vifo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1979, yalionyesha kwamba hakuna hata mmoja aliyefikisha 100. Mkongwe kuliko wote alikuwa na 96. Yule mzee alikuwa amejitajia mwaka wa kuzaliwa uliotangulia ule wa mama yake mzazi.

Si haki kuwaita wazee hao matapeli. Majina yalirudiwarudiwa katika koo, hivyo cheti cha marehemu kiliweza kudhaniwa kuwa cha somo wake aliye hai. Tena uzee ulileta heshima, na kuanzia miaka 70 hivi watu walizoea kujiongezea. Pamoja na hayo, wenye miaka themanini na kitu walikuwa bado wakipanda miteremko kwenda kulima, jambo linalostahili sifa bila kutiwa chumvi.

Wageni wengi, hasa Wamarekani, wamehamia hapa, na bei ya ardhi imepanda kiasi cha kuwalemea wenyeji wanaotafuta shamba.