Nuru, Sumaku na Kipande cha Kioo

Msomaji, ukisogeza sumaku karibu na msumari, msumari huruka ukaishika. Isogeze sasa karibu na mwali wa taa upenyao tundu la ukuta: mwali haupindi hata kidogo. Yeyote angesema kwamba nuru na sumaku hazina udugu.

Aliyeuthibitisha udugu huo ni Michael Faraday, Mwingereza, mwana wa mhunzi, aliyezaliwa mwaka 1791. Elimu ya shule aliyoipata ilikuwa ndogo. Akiwa kijana wa miaka 14 alitiwa kwa fundi ajifunze kujalidi vitabu, na vitabu alivyovijalidi vikawa walimu wake. Mwaka 1813 aliajiriwa msaidizi katika maabara ya Royal Institution, mjini London.

Katika miaka ya 1820 alipewa kazi ya kutengeneza kioo bora cha darubini. Alihangaika miaka kadhaa mbele ya tanuri, akapata kioo kizito chenye risasi nyingi ndani yake. Lakini darubini hazikufaidika nacho kama ilivyotumainiwa. Kwa hesabu ya watu, jasho lile lilikwenda bure.

Ili ufahamu alilofanya mwaka 1845, fikiri kamba iliyopitishwa kati ya fito za ua zilizosimama wima. Ukiitikisa juu na chini, mtikisiko hupita. Ukiitikisa kushoto na kulia, fito huuzuia. Nuru nayo ni mtikisiko, na yako mawe maangavu yafanyayo kazi ya fito hizo. Nuru iliyochujwa na ua wa kwanza ikikuta ua wa pili ambao fito zake zimelazwa, haipiti, na jicho huona giza.

Faraday alilitengeneza giza hilo, kisha akaweka vitu mbalimbali katikati, karibu na sumaku kali ya umeme. Vingi havikubadili neno. Tarehe 13 Septemba akaweka kipande cha kile kioo chake kizito. Alipoufungulia umeme, mwanga ukaonekana. Alipoukata, giza likarudi. Sumaku haikuivuta nuru kama ivutavyo msumari. Ilipotenda kazi ndani ya kioo, iligeuza mwelekeo wa mtikisiko wa nuru, nayo ikapata upenyo.

Hakutosheka. Mwaka 1862, akiwa mzee wa miaka 70, aliuweka moto uliotiwa chumvi katikati ya sumaku. Nuru ya moto huo ikitandazwa, huonekana mistari ya njano. Naye alitaka kujua kama sumaku itaibadili. Hakuona badiliko lolote. Aliandika hivyo hivyo, bila kuongeza wala kuficha, na mwaka 1867 akafariki.

Akiba haiozi. Mholanzi Pieter Zeeman alisoma habari za jaribio lile, akalirudia mjini Leiden mwaka 1896 kwa vyombo vilivyo bora zaidi, akaiona mistari ile ikipanuka. Mwaka 1902 yeye na mwalimu wake, Hendrik Lorentz, walitunukiwa zawadi ya Nobel. Mwaka 1908 Mmarekani George Ellery Hale alitumia elimu hiyo kutambua nguvu kubwa ya sumaku katika madoa ya jua, mahali ambapo mkono wa binadamu haufiki.

Mimi ni mwalimu, nami nimeona mara nyingi mwanafunzi akifuta jibu alilopimia mwenyewe, akaandika lile lililo kitabuni, kwa kuogopa alama mbaya. Nakusihi usifanye hivyo. Kama Faraday angekitupa kioo chake, pengine mwanga ule wa Septemba usingalionekana. Na kama angelificha jaribio lililomshinda, Zeeman asingalikuwa na la kurudia. Andika ulichokiona, hata kama hukuona kitu. Huenda yupo mtu, ambaye hajazaliwa bado, atakayekihitaji.