Nyumba za Zamani katika Mji wa Volkano

Mgeni afikaye Goma huonyeshwa kwanza mlima Nyiragongo, kisha ziwa Kivu. Nyumba za zamani haonyeshwi. Watu husema: Mji wetu ni wa juzi tu, tena mlima huuchoma; tuna nini cha kuhifadhi?

Ni kweli, Goma si Lamu. Ulianza kama kituo kidogo cha Wabelgiji, kikitazamana na Wajerumani wa Gisenyi. Mpaka kati yao ulipatanwa mwaka 1910. Lakini miaka mia na zaidi si kitu kidogo.

Habari ya moto nayo ni kweli. Tarehe 17 Januari 2002 ardhi ilipasuka ubavuni mwa Nyiragongo, upande wa kusini. Mto wa moto ukapita katikati ya mji, penye maduka, ukaingia ziwani. Kanisa kuu la Mtakatifu Yosefu likaangamia, na watu zaidi ya laki moja wakabaki bila makao. Hakuna sheria iwezayo kuuzuia mto wa namna hiyo.

Lakini tusiusingizie mlima kila kitu. Paa livujalo bila mtu wa kuliziba huua nyumba polepole, wala hakuna anayekimbia. Tazameni Unguja. Mji Mkongwe una mamlaka yake ya uhifadhi tangu mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO iliuandika katika orodha ya urithi wa dunia. Hata hivyo, siku ya Noeli ya mwaka 2020, sehemu kubwa ya Beit-al-Ajaib, jumba alilolijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilianguka ikaua watu wawili. Matengenezo yalikuwa yamekwisha kuanza, lakini kuta zilikuwa zimechoka mno.

Huko Uingereza sheria ya mwaka 1967 ilileta wazo ninalolipenda: lisilindwe jengo moja tu, bali mtaa mzima, pamoja na njia na miti yake. Maana nyumba ya kale iliyobaki peke yake kati ya maghorofa ni kama mzee aliyefiwa na rika lake lote. Kongo nayo ina sheria ya mwaka 1971 juu ya ulinzi wa mali ya utamaduni.

Basi Goma ifanye nini? Kwa maoni yangu, ianze na karatasi. Mtoto aliyezaliwa baada ya mwaka 2002 hawezi kulijua kanisa kuu lile ila kwa masimulizi, na kwa picha za arusi na komunyo ya kwanza zilizookolewa. Kazi hii hata parokia yaiweza: kupima kuta, kupiga picha milango na madirisha, kuwauliza wazee nani aliyejenga na mawe yalitoka wapi. Nakala moja ibaki hapa, na nyingine ipelekwe Bukavu, ng'ambo ya kusini ya ziwa, ambako moto wa Nyiragongo haufiki.