Kilatini cha Mlimani

Apandaye Kilimanjaro kwa njia ya Marangu akifika Horombo, mita 3,720, hukuta miti minene iliyobeba vichwa vya majani kama kabichi. Ni Dendrosenecio kilimanjari. Zamani iliitwa Senecio tu, kutokana na senex, mzee kwa Kilatini, kwa sababu mbegu za jamii hiyo huota nywele nyeupe. Mwaka 1978 Bertil Nordenstam wa Sweden akaitenga rasmi kwa jina lenye dendro, mti kwa Kigiriki. Kwenye senex hiyohiyo Kiingereza kilichota senior na senate.

Chini zaidi, msituni, kuna ua jekundu lenye kimkia: Impatiens kilimanjari. Im- hukanusha; patiens ni mvumilivu. Tunda lake likikomaa, liguse tu, linapasuka na kurusha mbegu. Kumbe patience, subira, na patient, mgonjwa, ni ndugu wa damu, jambo ambalo aliyewahi kukaa foleni ya hospitali yoyote hahitaji kufafanuliwa.

Na isale, jani ambalo Mchagga hulipeleka anapoomba msamaha? Wataalamu huliita Dracaena. Kigiriki hicho: joka jike.