Pembe za Magogo: Ushahidi na Imani katika Nyumba za Walowezi wa Marekani

Huko Hodgenville, katika jimbo la Kentucky, kuna hekalu la mawe lililosanifiwa na John Russell Pope, na ndani yake kimewekwa kibanda cha magogo. Rais Theodore Roosevelt aliweka jiwe la msingi mwaka 1909. Rais Taft akalizindua hekalu mwaka 1911. Wageni hupanda ngazi 56, idadi ya miaka aliyoishi Abraham Lincoln, na kwa miongo mingi waliambiwa kwamba humo ndimo alimozaliwa mwaka 1809. Mwaka 2004 pete za ukuaji wa miti ile zilichunguzwa. Gogo kongwe kuliko yote lilikuwa la mwaka 1848, wakati Lincoln alikwisha kuwa mbunge mjini Washington.

Siku hizi wasimamizi wenyewe hukiita kibanda cha ishara. Kosa la awali halikuwa la mafundi. Magogo yalikuwa yamenunuliwa, yakafumuliwa, yakatembezwa kwenye maonyesho, likiwamo la Nashville mwaka 1897, kisha yakajengwa upya. Hatimaye kibanda kikapunguzwa ili kienee ndani ya hekalu. Imani ilitangulia, vipimo vikafuata karibu karne moja baadaye.

Mtafiti anayeanza na vipimo huanzia pembeni, pale magogo yanapokutana. Mkato wa mviringo ni mwepesi na unafaa gogo lisilochongwa. Mkato wenye mteremko wa kuelekea nje unadai mkono uliozoea shoka: hulibana gogo lisichomoke, na maji ya mvua huteremka badala ya kutuama na kuozesha mti. Kati ya gogo na gogo huachwa mianya, ambayo huzibwa kwa vipande vya mbao au mawe, kisha ikakandikwa udongo. Mwaka 1966 watafiti Fred Kniffen na Henry Glassie walitumia tofauti za mikato hiyo kufuatilia njia za mafundi kutoka Pennsylvania hadi mabonde ya milima ya Appalachia.

Chimbuko la ufundi huo lina ubishi wake. Harold Shurtleff, katika kitabu kilichotoka mwaka 1939 baada ya kifo chake, alionyesha kwamba Waingereza wa Plymouth hawakuishi katika vibanda vya magogo. Kwa maoni yake, ufundi huo uliletwa na walowezi wa koloni la Uswidi, lililoanzishwa mwaka 1638 kando ya mto Delaware. Kniffen na Glassie waliwapa uzito Wajerumani wa Pennsylvania. Terry Jordan na Matti Kaups, mwaka 1989, wakawatetea Wafini. Mkato peke yake hauwezi kuumaliza ubishi huo, maana jirani hujifunza kwa jirani. Unachoweza kufanya ni kupunguza uhuru wa kubuni.

Ndiyo maana mpango wa kitaifa wa kupima majengo, uliopendekezwa na Charles Peterson mwaka 1933 ili kuwapa kazi wasanifu walioachwa bila ajira na mdororo wa uchumi, una thamani kubwa kuliko mahekalu. Michoro na picha zake ziko katika Maktaba ya Bunge, wazi kwa yeyote anayetaka kubisha.

Hata hivyo ukarabati wenye nia njema huharibu mengi. Nyumba nyingi za magogo yaliyochongwa zilifunikwa mbao mapema, na wenye nyumba wenyewe, kwa sababu za staha na za kuzuia mvua. Mkarabati anayezibandua mbao hizo ili magogo yaonekane anatengeneza ufukara ambao wenye nyumba walikuwa wameukimbia, na anafuta ushahidi wa misumari, rangi na milango iliyozibwa. Mchoro mzuri huonyesha vyote hivyo, pamoja na ukuta ulioinama.

Hata pete za miti zina masharti. Shoka linalosawazisha uso wa gogo huondoa pete za nje. Bila ile ya mwisho iliyo chini ya gome, mtaalamu anaweza kusema tu kwamba mti haukukatwa kabla ya mwaka fulani. Kwa hiyo hutafutwa boriti za sakafu zilizoachwa na gome, na sampuli hutolewa katika magogo kadhaa, kwa kuwa moja huenda lilitoka katika nyumba nyingine iliyobomolewa.