Mshuko wa joto kwenye meza ya upasuaji

Kabla barabara ya magari haijafika Bisie, katika Walikale mashariki mwa Kongo, kasiteriti, jiwe linalotoa bati, ilitoka kilimani mgongoni mwa watu, kwa njia ya miguu inayokata msitu hadi kijiji cha Njingala. Majeruhi nao walitoka kwa njia hiyohiyo. Aliyeangukiwa na udongo shimoni alibebwa kwenye tipoyi, yaani machela, nguo zimelowa maji ya shimo na mvua ya Walikale, saa nyingi kabla ya kumfikia daktari. Leo kampuni ya Alphamin ina mgodi na barabara huko, lakini vijiji vingi vya Walikale na vya milima ya Masisi bado husafirisha wagonjwa kwa tipoyi na pikipiki, na vita huongeza majeruhi wa risasi. Mwezi Machi 2025 vilifika hadi mji wa Walikale, na mgodi wenyewe ukasimamisha kazi hadi Aprili.

Mgonjwa wa namna hiyo huwekwa mezani akiwa na tatizo ambalo halionekani kwenye jeraha. Waganga wa Kongo huliita ipotermi, kwa matamshi ya Kifaransa. Wenzao wa Kenya na Tanzania husema haipothemia. Maana yake ni kwamba joto la ndani ya mwili, lile la moyo, ubongo na viungo vya tumboni, limeshuka chini ya nyuzi 36 za Selsiasi, ilhali la kawaida hukaribia 37.

Neno haipothemia lina kasoro inayoniogopesha. Kinyume chake, yaani joto kupanda kupita kiasi, kikitamkwa kwa Kiswahili ni haipathemia. Irabu moja tu inatenganisha maneno mawili yenye maana zinazopingana, na maneno hayo husemwa kwa haraka, nyuma ya barakoa, jenereta ikinguruma nje ya dirisha. Ipotermi na ipetermi hazina nafuu. Kwa sababu hiyo napendekeza tuseme mshuko wa joto, na kinyume chake mpando wa joto. Muuguzi wa Walikale husema tayari “joto ya mwili inashuka”. Istilahi inafuata kauli yake.

Kwa nini tusiseme baridi tu? Kwa sababu baridi ni kitu anachokihisi mtu, na tatizo hili halihisiki. Mtu akiwa macho, mwili hulinda joto la ndani kwa kubana mishipa midogo ya damu ya mikono, miguu na ngozi. Dawa nyingi za nusukaputi huondoa ulinzi huo. Mishipa hufunguka, damu yenye joto hukimbilia pembeni, na ile ya pembeni iliyopoa hurudi katikati. Katika saa ya kwanza joto la ndani huweza kushuka nyuzi 1 hadi 1.5, na sehemu kubwa ya mshuko huo hutokana na joto kuhama ndani ya mwili kabla halijapotea hewani. Wakati huohuo ngozi ya mgonjwa ina uvuguvugu. Ukimgusa mkono utasema yuko salama. Mama anayezalishwa kwa upasuaji baada ya kuchomwa sindano ya ganzi ya mgongoni anaweza hata kukuambia anasikia joto, huku kipimajoto kikisema vingine. Ketamini, dawa inayosaidia sana pale mashine zilipo chache, huiacha mishipa ikiwa imebana zaidi, na kwa hiyo mshuko wake wa mwanzo huwa mdogo. Wanaoitumia kila siku wanastahili kulijua jambo hili.

Madhara ya mshuko huanzia kwenye damu. Chembe sahani na vimeng'enya vinavyogandisha damu hupunguza kasi mwili unapopoa, na jeraha ambalo lingefunga huendelea kuvuja. Kwa aliyepigwa risasi, mshuko wa joto, damu kuwa na asidi na damu kushindwa kuganda huchocheana, na madaktari wa majeruhi wanauogopa utatu huo kuliko jeraha lenyewe. Kisha kuna usaha. Mwaka 1996 Andrea Kurz, Daniel Sessler na Rainer Lenhardt walichapisha utafiti wa wagonjwa 200 waliopasuliwa utumbo mpana: walioachwa wapoe, asilimia 19 walipata maambukizi ya kidonda, waliopashwa joto, asilimia 6. Shirika la Afya Duniani likaingiza upashaji joto katika mwongozo wake wa mwaka 2016 wa kuzuia maambukizi ya vidonda. Ni haki pia kusema kwamba utafiti mkubwa zaidi, wa wagonjwa zaidi ya 5,000, uliochapishwa 2022 na kufanywa hasa China, haukuona tofauti ya maana kati ya kulenga nyuzi 35.5 na 37. Kwangu mimi hilo linatuliza hofu ya nusu nyuzi. Halimwondolei hatari majeruhi aliyefika bloku, yaani chumba cha upasuaji, akiwa na nyuzi 34.

Hapo neno la pili linahitajika, nalo ni kulinda joto. Nalipenda kuliko kupasha joto, kwa sababu kupasha huanza baada ya hasara. Kulinda huanza mlangoni: vua nguo zilizolowa, mkaushe mgonjwa, mfunike pamoja na kichwa, na ikiwezekana mpe nusu saa ya joto kabla ya dawa ya usingizi. Chumba kisiwe chini ya nyuzi 21. Funua sehemu inayopasuliwa tu. Serumu, ambayo Watanzania huiita dripu, ina hesabu yake: kila lita yenye joto la chumba humpunguzia mtu mzima takriban robo ya nyuzi, kwa hiyo lita nne zimekula nyuzi nzima. Chupa ya damu iliyotoka kwenye friji ya nyuzi 4 hufanya kazi hiyohiyo ikiwa na ujazo mdogo zaidi. Serumu ipashwe hadi karibu 37, kwa kipimo. Damu isitumbukizwe kwenye maji ya moto, kwa kuwa chembe zake hupasuka. Wala chupa ya maji ya moto isiwekwe ubavuni mwa mtu aliyelala usingizi wa dawa. Hawezi kusema inamchoma, na ataamka na kidonda ambacho hakuja nacho.

Baada ya upasuaji mgonjwa huanza kutetemeka, na hapo lugha yetu hutuponza tena. Eneo la malaria, mtu anayetetemeka husemwa ana homa, na ndugu walioketi kitandani watauliza kwa nini hapewi dawa ya malaria. Kutetemeka kwa malaria huja joto likipanda. Kutetemeka kwa baada ya upasuaji mara nyingi huja joto likiwa limeshuka, na humlazimisha mgonjwa kutumia oksijeni nyingi wakati ambao moyo wake umechoka. Kwa hiyo kipimajoto kiwekwe kabla ya jina la ugonjwa kutajwa. Kikisoma 35, mgonjwa apate blanketi na serumu yenye uvuguvugu, na apimwe tena kila robo saa mpaka afike 36. Kikisoma 39, atafutiwe vimelea.