Wasomaji wa Madimbwi

Masika yanapokwisha mwezi wa Mei, na Mto Msimbazi, ulioteremka kutoka vilima vya Pugu na kulifurika bonde la Jangwani jijini Dar es Salaam, unaporejea katika mkondo wake, huacha nyuma madimbwi yasiyo na idadi: katika nyayo za ng'ombe, katika mashimo ya wachimba mchanga, na baina ya matuta ambayo wakazi wa Kinondoni huyalima kandokando ya vijito vyao, kama wenzao wa Temeke walimavyo ukingoni mwa Kizinga na Mzinga. Mpita njia haoni humo ila maji yaliyotuama. Lakini tangu zamani wamekuwapo watu ambao kazi yao ni kuyainamia maji hayo, kuyachota kwa kata na kusoma kilichomo; na historia ya kazi hiyo yastahili kuhifadhiwa, maana ni historia ya ilmu iliyosafiri kutoka maabara ya matabibu hadi ikafika mlangoni mwa jirani.

Chanzo chake ni mwaka 1897. Tarehe 20 Agosti ya mwaka huo, huko Secunderabad katika Bara Hindi, tabibu Ronald Ross aliona ndani ya mwili wa mbu vimelea vya malaria, na dhana ya kale kwamba homa hiyo huletwa na hewa mbovu ya vinamasi ikapoteza nguvu. Mwaka uo huo Wajerumani walijenga hospitali ya Ocean Road ufukweni mwa Dar es Salaam, na Robert Koch, mashuhuri miongoni mwa matabibu wa zama zake, akaja mjini humo kuichunguza malaria. Koch alitegemea zaidi kuipima damu na kuitibu kwa kwinini kuliko kukausha maji. Baadaye, chini ya Waingereza, hofu ya mbu ilikuwa miongoni mwa hoja zilizotumika kuutenga Uzunguni na Uswahilini, na eneo la wazi la Mnazi Mmoja likawa mpaka baina ya makao ya watu. Hivyo ilmu iliyopasa kuwakinga wote iliwekwa kwanza katika huduma ya wachache, na hiyo ni dhuluma isiyofaa kusahauliwa.

Na ilmu yenyewe si ngumu kwa mwenye macho na subira. Kiluwiluwi cha anofelesi, mbu wa malaria, hakina mrija wa kuvutia hewa, na kwa sababu hiyo hulala sambamba na uso wa maji kama ufito unaoelea; kile cha kuleksi huning'inia kichwa chini, kikipumua kwa mrija ulio mkiani. Wakiisha kuota mbawa, hali hugeuka: anofelesi atuapo ukutani huinua nyuma yake juu, ilhali kuleksi hukaa sambamba na ukuta. Makazi yao nayo hutofautiana. Anofelesi aghalabu hupenda maji yaliyo wazi kwa jua, kama yale ya baina ya matuta. Kuleksi hustahimili uchafu wa mitaro na vyoo vya shimo, na ndiye aliyewaletea watu wa pwani matende na mabusha. Na aedesi, mwenye madoa meupe miguuni, aumaye mchana na kueneza homa ya dengi iliyoutaabisha mji huu mwaka 2014, hutosheka na kifuu cha nazi au gurudumu bovu lililokinga mvua. Asiyejua tofauti hizo huenda akamwaga dawa siku nzima mahali pasipo na adui anayemtafuta.

Kwa miaka mingi maarifa hayo yalikuwa ya bwana afya, aliyeingia uani akafunua mapipa na kuondoka, huku mwenye nyumba akibaki na onyo bila fahamu. Mpango wa kupambana na malaria mjini, ulioendeshwa kwa msaada wa Japani kuanzia 1988 hadi 1996, uliendeleza kazi hiyo. Lakini mageuzi makubwa yalikuja mwaka 2004, Halmashauri ya Jiji ilipoanzisha mpango mpya katika kata 15, tano kwa kila manispaa ya Kinondoni, Ilala na Temeke, na kuwakabidhi wakazi wenyewe kata za kuchotea. Kila mmoja alipewa eneo lake la nyumba kumi kumi, alizunguke kila juma na kuandika alichokiona.

Wakazi hao walichora kwa mkono ramani za mitaa yao, kisha ramani hizo zikalinganishwa na picha zilizopigwa kutoka angani. Hapo ikadhihirika kwamba baina ya eneo la huyu na la yule yamebaki mapengo ambayo hakuna aliyeyakagua, na mengi yalikuwa viwanja visivyo na nyumba, visivyohesabiwa katika nyumba kumi za mtu yeyote. Picha ilionyesha pengo lilipo. Lakini jina la mahali, mwenye shamba, na njia ya kupitia baada ya mvua, vilijulikana kwa mkazi peke yake. Mwaka 2006 dawa ya bakteria, ikiuayo kiluwiluwi kiimezapo bila kumdhuru mtu wala samaki, ilianza kutiwa majini katika kata za Mikocheni, Buguruni na Kurasini, na maambukizi ya malaria yakapungua.

Siku hizi dawa ya namna hiyo hutengenezwa Kibaha, mwendo mfupi kutoka mjini. Hata hivyo haifiki yenyewe kwenye dimbwi. Sharti awepo mtu wa Mburahati au wa Mtoni ajuaye kwamba nyuma ya ukuta fulani, penye matuta ya mama fulani, maji hutuama kila baada ya masika. Aende, abishe hodi, ainame, achote, na amwonyeshe mwenye matuta kiluwiluwi kilicholala sambamba na uso wa maji. Akishakiona, mama huyo naye atakuwa msomaji.