Chama Kilichotanguliwa na Ndoa

Chama cha Demokrasia cha Botswana kiliasisiwa mwaka 1962, lakini mwenye kuiandika tarikhi yake akaianzia hapo atakuwa ameruka sura ya kwanza, kwa kuwa itikadi yake kwamba watu wa rangi zote wana haki sawa ilikwisha kujaribiwa, kabla ya kadi ya kwanza ya uanachama kutolewa, na mume na mke waliokaa uhamishoni mtaa wa Addiscombe, mjini Croydon, ambao siku hizo ulikuwa haujaunganishwa bado na London.

Mume alikuwa Seretse Khama, mrithi wa kiti cha Wabangwato wa Botswana, aliyekuja Uingereza kusoma sheria. Mke alikuwa Ruth Williams, karani katika shughuli za bima. Septemba 1948 walipotaka kuoana kanisani, kasisi aliingiwa na hofu akawapeleka kwa Askofu wa London, naye, akiwa katika ibada ya kuwaweka wakfu makasisi wapya, akajibu kwamba hatatoa idhini mpaka serikali iridhie. Basi wakafunga ndoa yao kwa msajili wa Kensington, tarehe 29. Tshekedi, ami yake Seretse aliyemlea, alighadhibika mno. Hata hivyo, katika baraza kuu la Wabangwato huko Serowe, Juni 1949, Seretse alipowataka wasimame wale wasiomtaka mkewe, walisimama watu kama 40 tu, na alipowaita wanaomridhia, maelfu waliinuka kwa vishindo.

Shauri lingekwisha hapo, lau si Afrika Kusini, iliyoharimisha ndoa za namna hiyo mwaka ule ule, na Uingereza iliyokuwa na haja ya dhahabu na urani yake. Serikali ya Attlee, ya chama cha wafanyakazi (na hili ni la kutahayarisha), ilimwita Seretse London mwaka 1950 kama kwa mashauriano, kisha ikamzuia kurejea kwao kwa miaka mitano; wahafidhina walipotawala wakaifanya amri hiyo kuwa ya daima. Alipewa kazi Jamaica, akaikataa. Miaka ya Croydon ilikuwa ya dhiki ya moyo kwa mtu aliyezaliwa kutawala naye hana la kufanya. Lakini Wabangwato nao walikataa katakata kumtawaza mwingine, hata mwaka 1952 ghasia za Serowe zikaua askari watatu. Mwaka 1956 aliuacha usultani, yeye na kizazi chake, akarudi nyumbani na Ruth kama raia wa kawaida.

Aliyekwisha kukiacha kiti kwa hiari hakuwa na taabu ya kukiomba kwa kura. Pamoja na Quett Masire aliunda chama kilichochukua jeki ya gari kuwa alama yake, ndiyo maana wananchi wakakiita Domkrag, yaani jeki. Kikapata viti 28 kati ya 31 mwezi Machi 1965, na mwaka uliofuata, Septemba 30, nchi ikawa huru. Seretse, aliyesimama bega kwa bega na Nyerere na Kaunda dhidi ya ubaguzi, aliwahi kuongoza mkutano wa Lusaka, Aprili 1980, uliozaa umoja wa uchumi wa kusini mwa Afrika. Akafariki Julai 13 mwaka huo huo. Ruth hakurudi kwao: alibaki Botswana hadi kufa kwake mwaka 2002, akazikwa Serowe.

Insafu inatulazimu kusema kwamba usawa uliohubiriwa na chama haukuwafikia Basarwa wa Kalahari, waliohamishwa katika ardhi ya wazee wao mpaka mahakama ikawapa haki mwaka 2006. Ian, mwana wa Seretse na Ruth, aliyezaliwa wazazi wake wakiwa uhamishoni, aliiongoza nchi kwa tiketi ya chama cha baba yake, akakihama mwaka 2019, kisha naye akakaa uhamishoni Afrika Kusini kwa karibu miaka mitatu. Mwaka 2024 chama kiliambulia viti vinne, na Rais Masisi akakubali kushindwa kabla hesabu ya kura haijakamilika.